Bidon ya Buluu Yenye Nilipatia Mama Mukwe

Bamama, babaa, bandugu ya shirika yetu ya kusali, munivumilie. Mimi ni muntu wa kusema mingi, muke yangu iko pale anacheka, anajua. Lakini leo nimekuja na ushuhuda moja tu. Mwenye kutuongoza aliniambia: sema vile ilikuwa, usitaje jina ya muntu. Basi sitataja. Yangu tayari munaijua.

Ninatumika kwenye labo moja hapa Lubumbashi, maabara fasi banatafuta dawa ya kutenganisha shaba na kobalti. Siko profesa, musinipandishe cheo. Kazi yangu ni kupasha bintu moto. Banaleta dawa ya mupya, ninaweka kidogo kwenye mashini ndogo yenye iko na tanuru na kipimo ndani, halafu ninaandika: inayeyuka kwa joto gani, inaanza kuharibika kwa joto gani. Ni miaka kumi na moja ninafanya ile tu, na nilikuwa ninajivuna nayo sana.

Siku moja balileta chumvi fulani. Munisikilize hapa, si kitu ya nguvu. Chumvi ya kula, ukitaka iyeyuke yenyewe bila maji, utatafuta moto wa kutisha. Hii ya labo, joto kidogo tu inakuwa nzito kama mafuta ya ngazi, ile ya mawese. Ikipata baridi, inaganda. Haitoi moshi, haitoi mvuke, haina harufu. Na sisi bantu ya hapa, sumu tunaijua kwa pua: lori ya asidi ikipita, unakohoa mbele ya kuiona. Hii unaingiza pua kwenye mudomo ya bidon, ile dumu ya plastiki yenye inaletwa ndani, hakuna kitu. Nilisema hii njo dawa safi, haiwezi kuua ata inzi. Kumbe kwenye bidon balibandika picha ya samaki yenye imekufa, pembeni ya muti mukavu. Niliona ile picha kila siku. Nilijua maana yake: usimwange mutoni. Bon, mimi sikumwanga mutoni.

Sheria ilisema bidon zikiisha zirudishwe kwenye zilitoka. Lakini sisi batumikaji tulikuwa na desturi yetu: bidon tupu ni ya batumikaji, tunagawa kwa zamu, mwenye kuzeeka kwenye kazi anaanza. Shefu alikuwa anajua, anafunga macho. Musiniangalie vile. Nani hapa hana bidon kwake yenye hajui ilitoka wapi?

Zamu yangu ilifika mwezi ya sita, wakati ya baridi. Nilipata moja ya buluu, muzuri, na kifuniko yake. Nilibandua ile picha, nikaosha bidon mara tatu na maji ya robine, ile ya bomba, baridi ya kukata mikono. Nikanusa. Nikachungulia ndani: chini kulikuwa kunangaa. Nikafikiri ni plastiki yenyewe. Ilikuwa chumvi yenye iliganda, kama vile mafuta ya nyama inaganda chini ya sufuria. Na joto yenye ile chumvi inayeyukia, mimi mwenyewe niliiandika kwenye kitabu ya labo, na mukono yangu.

Nikapeleka bidon kwa mama mukwe. Mama mukwe yangu anakaa kwenye njia ya Kipushi, iko na étang, ile shimo ya maji ya kufuga samaki. Sisi bantu ya Mitwaba munatujua kwa mambo ya buko, ile heshima ya bakwe. Mukwe na mama mukwe habaangaliane kwenye macho. Sikuwahi kula mbele yake, wala kumuambia neno moja kwa moja. Nikitaka kusema, muke yangu anapeleka. Na kitu yenye mukwe ametoa haiombwe tena. Ukiiomba, ni kama unasema: rudisheni na mahari, mimi ninaachana na mutoto yenu. Basi bidon ilifika, mama alifurahi sana, akawa analoweka ndani pumba ya mahindi, chakula ya samaki yake.

Mwezi ya saba, hakuna shida. Ya nane, hakuna shida. Samaki inanenepa, na mimi ninasifiwa kule. Mwezi ya kumi jua ilikuja, ile yenye inatuchoma hapa mbele ya mvua kuanza. Asubui moja mama akakuta samaki yote inaelea, tumbo juu. Alilia kama vile amefiwa na muntu. Mungu alimusaidia akazika yote, hakukula na hakuuzisha.

Sasa, kando ya ile étang kunakaa mujane mumoja, analima lengalenga, ile muboga ya muchicha. Juma moja mbele ya samaki kufa alikuwa amekuja kuomba maji ya kumwangilia, na balimunyima. Alienda ananungunika. Munaona tayari kwenye tunaenda. Bidon, nani ataishuku, ilikuwa inalisha samaki miezi minne? Balisema: ni ule mama. Mulozi, muchawi.

Muke yangu alinieleza ile habari tukiwa mezani, na mimi nikatikisa kichwa, nikasema bantu iko na roho mubaya. Ndiyo, nilisema vile. Kesho yake nilifika kazini, nikakamata chupa ya ile chumvi kwenye dirisha. Asubui ilikuwa imeganda. Saa sita jua iligusa kiyoo, na ile chumvi ikaanza kutembea ndani ya chupa. Bandugu, nilikaa chini. Nilielewa yote mara moja: jua ya mwezi ya kumi iliyeyusha ile yenye iliganda chini ya bidon.

Ninabaambia ukweli: kuelewa hakukunisaidia. Niliangalia huku, mulango umefungwa, kule, umefungwa. Nikisema kwa labo, tunafukuzwa batumikaji wote benye tuligawa bidon. Nikisema kwa buko, ninavunja haya na nitaitwa mwenye kuua mali ya mama mukwe. Nikinyamaza, mujane wa bantu anaitwa mulozi juu ya kosa yangu. Nikanyamaza. Nilichagua mulango yenye ilikuwa inafunga muntu mwingine.

Nilijaribu ujanja. Nilinunua bidon ya mupya, nikamuambia muke yangu apeleke, arudishe ile ya zamani. Muke yangu aliniuliza ile ya zamani inaenda kwa nyumba ya nani. Tuligombana siku mbili juu ya bidon. Mwishoni alipeleka, na mama akakamata ya mupya na ya zamani hakuitoa. Akasema: "Bidon ya mukwe yangu, batanizika nayo." Karibu nilie.

Kwenye tanuru yetu kuna kitu moja nilijifunza. Ukipasha ile chumvi mbio mbio, inavumilia moto mukali. Ukiiacha kwenye moto mudogo saa mingi, inaharibika pole pole, ata kama unaona ingali muzima. Mimi nilikaa kwenye ule moto majuma tano. Nilikuwa ninakula, ninacheka na bantu, ninakuja hapa kwa shirika kuimba. Ndani nilikuwa ninaoza. Na bantu baliacha kununua lengalenga ya ule mujane. Batoto balikuwa banamutupia mawe. Bamoja benu mulikuwa munaipita nyumba yake mukifanya alama ya musalaba. Siwalaumu. Mimi nilijua na nilipita vilevile.

Halafu jamaa ya muke yangu ikaita mukutano, na shefu ya kartie, mukubwa wa mutaa, alikuwepo, juu ya kumutoa mujane kwenye shamba yake. Mimi kama mukwe nilikaa nyuma, uso kwenye ukuta, vile inafaa. Nilisikia banamuuliza kama anakubali. Akajibu na sauti ya chini kabisa: "Kama munataka niende, nitaenda. Lakini munioneshe kwanza nilifanya nini, nisikufe bila kujua."

Ile neno "bila kujua" ilinisimamisha. Sikupanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe. Niligeuka, nikaangalia mama mukwe kwenye macho, mara ya kwanza tangu nilioa, nikasema: "Mama, sumu ilitoka kwangu. Iko ndani ya bidon ya buluu. Ule mama hana kosa."

Mama mukwe alijifunika kikwembe kwenye kichwa, akatoka. Bajomba ya muke yangu balianza kupiga kelele. Muke yangu alikuja kusimama pembeni yangu. Kesho yake niliambia shefu ya labo, na nilitaja bidon zote. Nilisimamishwa kazi miezi mitatu. Benzangu bengine habanisalimie mpaka leo. Lakini bidon zilifuatwa nyumba kwa nyumba, na moja balikuta inachotewa maji ya kunywa ya batoto.

Kisha mama mukwe akatuma bantu: mukwe aje atoe matope ya étang. Nilienda na kuku ya faini, ile ya kuvunja haya. Mama mumoja wa labo, mwanakemia, alikuja na mapipa, akatuonesha namna ya kukusanya yale matope bila kuyagusa, yasishuke mutoni. Tulitumika siku tatu. Siku ya mwisho mama mukwe alisimama juu ya shimo, akaniongelesha yeye mwenyewe. Akasema: "Yako ulishasema mbele ya bantu. Mimi njo niliita mwenzangu mulozi. Yangu nitaisema namna gani?"

Tukaenda sisi wawili. Mukwe na mama mukwe kwenye njia moja, bantu baliangalia sana. Mujane alitufungulia, akatutolea biti ya kukalia. Mama mukwe alipiga magoti, akaomba musamaha, hakuficha kitu. Mujane alimuinua. Halafu akaniangalia mimi, akasema: "Wewe ulijua majuma tano." Nikajibu ndiyo.

Aksanti kwa Mungu. Aksanti kwa muke yangu, yenye alisimama pembeni yangu mbele ya bajomba yake. Aksanti kwa ule mama wa kemia, alikuja siku yake ya kupumzika, hakuitwa na muntu. Aksanti kwa mama mukwe, yenye siku hizi ananiita kwa jina yangu. Na kama munataka fundisho, njo hii: kosa yenye umeficha haikai kwako. Inatafuta muntu mwenye hana wa kumutetea, inamukalia.

Lakini sikusimama hapa juu ya mambo yangu. Mimi niliishapona, kazi nilirudi. Bidon yangu balichoma. Jina yenye tulimubandika ule mama, hakuna dawa ya kuitoa. Udongo ya shamba yake ilipimwa, haina kitu. Mimi na muke yangu tunakula lengalenga yake kila siku ya ine, Alhamisi, na niko hapa munaniona. Bengine benu mungali munapita mbali naye. Ule mama iko inje sasa, pa mulango ya uwanja, na kikapo yake ya lengalenga. Alikuja asubui, na wakati tuliingia ilikuwa ingali imejaa.

Mukitoka, musimupite.