Usinitajie Jina Lake

Basi la chuo lilijaa kofia nyekundu za timu. Mbele yangu mzee mmoja alimnong'oneza dada aliyeketi kando yake, kwa sauti iliyofika hadi kwa dereva. “Kijana wa sekondari, ana mbio balaa! Nimempa gari langu ili aje kuchezea chuo chetu.”

“Mzee, ishia hapo. Nasomea uzamili wa kusimamia michezo ya vyuo, na niko mafunzoni idara ya michezo. Hiyo ni hongo. Ukinitajia jina lake lazima niripoti, na hatacheza.”

“Kwani wewe si shabiki?”

“Tangu nizaliwe. Ndiyo maana nakusihi.”

“Mtishie mwingine, binti. Anaitwa Trevion Boudreaux!”

Basi likasimama mbele ya idara ya michezo. Dada akashuka bila kuaga, akaingia humo. Hapo ndipo mzee alipovua kofia yake nyekundu.