Njia Katikati ya Mabeki Wawili

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Orest Baziuk. Kocha Orest, wa hapahapa Kettle Ridge, aliyetutoka Jumanne. Nivumilieni kidogo, maana huyu mzee amenikaa rohoni tangu nipate habari.

Orest alifundisha hoki ya barafuni. Nusu ya wanaume wa mji huu wamepita mikononi mwake, na wote walifokewa. Somo lake lilikuwa moja: usichezee kisahani, kile kidude cheusi cha kupigwa kwa magongo, kwenye mstari wa buluu, pale eneo la wapinzani linapoanzia. Ukifika pale mabeki wamekuzibia, kirushe kwenye kona, nyuma ya goli lao, kisha mkifukuze. Mkikipata, kizungusheni ukutani kwa pasi fupifupi mpaka wachoke. Ukipokonywa pale mstarini, wenzako wote wako mbele na goli lenu liko wazi. "We bwana, unadhani watu wamekuja kukutazama wewe?" alikuwa akifoka. "Peleka kona!"

Sasa, ile fainali ya miaka mingi iliyopita. Mabao sawa, muda unayoyoma. Darcy, mwanawe wa kumzaa, aliyeichezea timu yake, akafika mstari wa buluu na kisahani. Hakukirusha. Akataka kupenya katikati ya mabeki wawili. Wakampokonya, wakatoka mbio, wakafunga. Tukashindwa.

Baada ya fainali, timu hupanga foleni na kupeana mikono. Mnajua wenyewe. Orest aliwapa mkono wapinzani wote, tena kwa tabasamu. Kisha akampita mwanawe kama hamwoni, uwanja mzima ukitazama. Jamani, iliuma!

Darcy akahamia Calgary. Akaoa huko, akapata watoto. Kila Krismasi alimpigia simu dada yake, Lorna. Kwa baba yake hakupiga. Mzee alikuwa akiuliza, "Huyo wa Calgary hajambo?" Lorna anamjibu, "Simu ile pale, muulize mwenyewe." Mzee anaendelea kula perogi zake, zile sambusa za viazi za kuchemsha. Kiburi cha akina Baziuk nyie mnakijua, sina haja ya kueleza.

Haya ninayosema sasa Lorna ameniruhusu niyaseme. Majuzi, baridi ilipokuwa kali, baba yake alimwita jikoni.

"Lorna, nimelifikiria lile bao. Njia ilikuwepo, katikati ya wale mabeki. Mtoto aliiona, mimi sikuiona. Nilimwonea."

"Basi si umwambie, Baba!"

"Mambo haya si ya simu. Nitamwambia uso kwa uso. Mwite aje Pasaka."

Lorna akamwita, na Darcy akakubali kuja. Pasaka haijafika, wasikilizaji wapendwa. Mzee ameondoka.

Jana Darcy aliwasili kwa mazishi. Lorna akamkalisha, akampa maneno ya baba yao yote, bila kupunguza. Darcy akainama, akalia kwanza.

"Hapana, dada," akasema. "Njia haikuwepo. Mzee alikuwa sahihi. Nilijua hata kabla sijarudi benchi. Nilikuwa nangoja tu aanze yeye."

Kumbe kila mmoja alishakubali moyoni kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa sahihi. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Inanikera, nawaambieni kweli, na inanihuzunisha.

Lorna, Darcy, na ukoo mzima wa Baziuk, poleni sana. Mji wote uko nanyi msibani, na Kocha apumzike kwa amani. Na wewe unayenisikiliza hapo, umemnunia nani? Zima redio, sitakasirika. Mpigie sasa hivi.