Gurudumu la Tshibangu

Kinu cha mpunga cha Kibombo kimefilisika, na makato ya pensheni ya wafanyakazi, ambayo mwenye kinu aliyatunza katika kasha lake mwenyewe, yamepotea pamoja naye. Hivyo ndivyo Mwavita alivyowasikia wazee wawili wakisema mbele yake ndani ya treni kutoka Kindu, usingizi ukimchukua na msitu ukielea dirishani.

“Kila mutu alibeba kipande cha mashine kiwe pensheni yake,” alisema mmoja wao, Sumaili. “Sasa mununuzi iko, anataka mashine nzima, tugawane feza. Rudisha gurudumu, ndugu Tshibangu.”

“Hapana. Linalala chini ya kitanda changu. Nikifumba macho linazunguka, na mchele unamwagika mweupe mpaka mtoni.”

“Basi kula huo mchele wa ndoto!”

“Na wewe, mukanda wa mashine si umefungia mbuzi?”

Mwavita alichekea ndani ya kitenge chake.

“Nitaurudisha kesho. Bila gurudumu lako, sisi wote tunakosa.”

“Nikilitoa, nitashika nini? Ahadi tena?”

Treni ilisimama Kibombo. Kwa mkono uliobaki na vidole vitatu, Tshibangu alihesabu alichokwisha kukipa kinu: miaka kumi na tisa, kifua kilichojaa vumbi la pumba, na vidole viwili.