Bi. Cheruto Kiptum na Vibuyu Vilivyorudi

Bi. Cheruto Kiptum anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kulitumikia shamba letu la maua hapa Naivasha kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kukata waridi. Anaondoka akiwa msimamizi wa ghala la kufungashia. Hakuwahi kupanga ua lililonyauka pamoja na lililo zima, wala hakumvumilia aliyefanya hivyo.

Hata hivyo, wengi wetu tulimfahamu zaidi kupitia simu. Mwaka wa 2019 alianzisha kikundi cha WhatsApp cha wapenda bustani za nyumbani. Wafanyakazi waliopanga chumba kimoja kule Karagita walituma picha za sukuma wiki iliyopandwa katika magunia. Jamaa zao wakajiunga, kisha marafiki wa jamaa, hadi Nakuru mjini. Masharti yalikuwa mawili. Atakayejisifu kwa picha ya mavuno, sharti atangulize picha ya mmea uliomfia. Atakayepewa mbegu, sharti aache tunda moja likomae kabisa. Micah, fundi wetu wa mabomba, alituma nyanya zilizooza mara nyingi hata akapewa cheo cha Mkuu wa Makaburi.

Hazina ya Bi. Cheruto ilikuwa mbegu alizoachiwa na mama yake, za vibuyu vyenye shingo ndefu vya kugandishia mursik, yale maziwa ya mgando. Aliwagawia wenzake kidogo. Micah alivikata vyake vikiwa vibichi ili awahi kupiga picha, vikaoza. Miche ya Chepkemboi wa jikoni ililiwa na mbuzi. Bi. Tara Dhirajlal wa Milimani, Nakuru, ambaye kwao kibuyu kichanga ni mboga, alikionja, akaona si kichungu, akakipika mchuzi na kutuma picha. Kikundi kililipuka.

“Mathe, umekula chupa ya maziwa!” aliandika Micah.

Bi. Tara alimjibu kwamba yeye angalau alishiba.

Kisha, mwaka wa 2024, maji ya ziwa yaliingia mtaa wa Kihoto alikoishi, yakaizoa bustani ya Bi. Cheruto pamoja na kopo la mbegu lililokuwa ndani ya nyumba. Alifika kazini kesho yake kama kawaida. Kikundini aliandika sentensi moja tu: mbegu za mama zimekwisha.

Kabla ya jioni, Bi. Tara alituma picha ya ukuta wa jikoni kwake. Kibuyu kimoja kikavu, chenye shingo ndefu, kilikuwa kikining’inia msumarini.

“Sharti ni sharti, dada,” aliandika.

Alikileta Naivasha mwenyewe. Bi. Cheruto alikitikisa sikioni, akasikia mbegu zikicheza ndani, akaketi chini na kulia mbele yetu. Tulizipanda nyuma ya ghala, na Micah akapigwa marufuku kupita hapo akiwa na kisu.

Zilizaa kupita matarajio. Mursik mtakaokunywa katika sherehe hii umegandishwa ndani ya vibuyu hivyo, na kila mgeni ataondoka na mbegu mkononi. Masharti mnayajua.

Bi. Cheruto, asante kwa kazi na kwa malezi. Udongo wa Njoro unakohamia ukupokee vyema, mvua ikunyeshee kwa kiasi, na afya isikupungukie. Picha ya mmea wako wa kwanza kufa tunaisubiri kikundini.