Raymundi Luhende na Wimbo Uliokatwa

Tumsifu Yesu Kristo. Padri wetu, wazee mliotoka Puge na Sikonge, shikamooni, majirani wa Isevya na ninyi watu wa mjini Tabora, mliokuja kwa mapenzi na mliokuja kuangalia nani kaja na nani hakuja, familia inawapokea wote sawa, maana msiba hauna bawabu. Anayewasomea ni Tekla, mdogo wake marehemu, na wale waliouliza jana kwa nini asimame mwanamke ilhali wanaume wapo, wajue kwamba wanaume waliombwa, wakaisoma karatasi hii kimyakimya hadi mwisho, kisha wakairudisha. Huko mwishoni lipo agizo la marehemu juu ya nani abebe jeneza hili na nani aimbe, agizo ambalo familia hailipendi, nalo litasomwa kwa sababu si letu, ni lake.

Raymundi Luhende alizaliwa Puge, wilaya ya Nzega, tarehe 4 Machi 1914, mtoto wa kwanza wa mzee Masele Luhende na mama Minza, mwaka wa pili tangu reli ifike Tabora, reli ile iliyomshusha baba yetu mzigo begani bila kumwuliza kama amechoka. Baba alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu, alikwenda Bagamoyo na kurudi, tena ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo kule mbele, na kule nyuma kabisa, mahali ambapo vumbi humficha mtu asionekane, alikuwapo rafiki yake mzee Limbu aliyeitikia ubeti wa pili, na ubeti huo ukisikika, walio mbele walijua kwamba walio nyuma hawajaanguka wala hawajatoroka. Kanuni ya baba ilikuwa kwamba wimbo hauimbwi mzigo ukiwa chini, mzigo ukiwa chini watu huzungumza, hula, hugombana, lakini mzigo ukipanda na maneno ya kawaida yakaishiwa nguvu, hapo ndipo mtu huimba. Raymundi alilelewa na kanuni hiyo kama wengine wanavyolelewa na fimbo, na kila alichokuja kukipenda baadaye alikipima kwayo.

Alisoma shule ya misheni hapo Puge kuanzia mwaka 1923, akamalizia Tabora mwaka 1930, kisha akaajiriwa stesheni kupakia na kupakua mizigo ya treni. Tarehe 18 Juni 1938 alifunga ndoa na Apolinaria, binti wa mzee Limbu, hapa hapa parokiani, na hivyo akampata shemeji, naye ni Justus, kaka yake Apolinaria, ambaye tunamwona amekaa pale karibu na ukuta, na kopo lake mapajani, na tutamfikia. Mungu aliwajalia watoto watatu, Koleta aliyezaliwa mwaka 1939, ambaye sasa ameolewa Sikonge, Tobias aliyezaliwa mwaka 1947, na Minza aliyezaliwa mwaka 1949 akapewa jina la bibi yake.

Mwaka 1940 aliingia jeshi la Keya, akapelekwa Burma, na kati ya vita na vita wakapumzishwa katika kambi moja ya Bara Hindi, na huko ndiko alikoiona sinema kwa mara ya kwanza, sinema za Kihindi za kuimba, akajifunza na lugha yao, kwanza ya kununulia chai, halafu ya kuelewea nyimbo. Aliwahi kumsimulia mkewe kwamba siku ile ya kwanza, mwanamume mmoja kwenye pazia jeupe aliletewa habari kuwa mama yake amefariki, akafungua kinywa aseme, badala ya kusema akaimba, na askari wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka, maana alimwona baba yake na pembe begani.

Alirudi Tabora Februari 1946, na hapa familia inawaomba msikilize vizuri. Barua zilikuwa zimekatika, maneno yalikuwa yamezagaa mjini kwamba amekufa, na baadhi ya midomo iliyozagaza maneno hayo imekuja leo kula wali wa matanga, na Apolinaria alikuwa stesheni siku ile pamoja na kaka yake Justus kupokea mgeni mwingine. Akampita mumewe kama anavyopitwa mtu baki, kwa kuwa alikuwa amekonda, ana ndevu, na uso umegeuka rangi kwa homa. Raymundi alitaka kumwita jina, sauti ikakataa, akaanza wimbo wa baba, ubeti wa kwanza, na Apolinaria, akiwa amempa mgongo tayari, akaitikia ubeti wa pili kabla hajageuka. Justus alikuwapo, aliyaona hayo kwa macho yake mawili, na alilia kuliko wote.

Mwezi Aprili mwaka huo marehemu alipata kazi ya mfasiri katika jumba la sinema hapa mjini, akisimama kando ya pazia na kuwaeleza watu kwa Kiswahili yanayosemwa kwa Kihindi, na wimbo ulipoanza alinyamaza, hata mlipompigia kelele aendelee, akisema wimbo ukishindwa kueleweka bila mfasiri basi haukustahili kuimbwa. Jumapili baada ya Misa alikaa kibarazani kwa Mwanajuma, muuza vitumbua wa Gongoni, na hapo kila mtu alitaja sinema aliyoipenda kuliko zote, akaitetea, na kutetea mbele ya Raymundi hakukuwa mchezo, maana alikuwa mkali, na kwa kuwa wengi wenu mliumwa na ukali huo hatutaufunika leo kwa sanda. Mmoja alisifu picha ya mchunga ng'ombe wa Kizungu anayeimba juu ya farasi, akaambiwa kwamba anayebeba mzigo pale ni farasi, kwa hiyo aimbe farasi. Mwanajuma yeye alipenda picha za Misri, ambazo ndani yake mwimbaji haharakishwi, akauliza kama ni kosa kupenda nguo nzuri na maua, naye akajibiwa kwamba maua si kosa, lakini ukiweza kuuondoa wimbo na hadithi isichechemee, basi huo haukuwa mguu, ulikuwa kiatu tu. Mwanajuma alimwambia alipe vitumbua vyake aondoke na miguu yake, na Jumapili iliyofuata akamwekea kiti tena.

Justus naye alikuwa fundi wa mashine ya sinema katika jumba lile lile, kazi aliyoombewa na Raymundi mwenyewe, na katika kibaraza kile alikuwa upande wa wasiopenda nyimbo, akidai kwamba wimbo unaisimamisha hadithi kama treni inavyosimama stesheni ndogo isiyo na abiria, na shemeji yake akamjibu kwamba stesheni ndogo ndiko anakoshuka mtu mwenye kwao. Wangebishana hivyo mpaka uzee na kusingekuwa na dhambi, kwa kuwa mdomo haumkati mtu, lakini Justus alikuwa na mkasi. Mikanda ya sinema ilifika Tabora kwa treni ya Dar es Salaam, ikaoneshwa, kisha ikapelekwa Mwanza kwa treni inayofuata, na picha ikiwa ndefu ilikuwa hatari kuikosa treni, basi fundi wetu akazoea kukata nyimbo, ili maonesho yaishe mapema, akakusudia kila mara kuzirudisha mahali pake kabla ya kufunga sanduku. Mara nyingine alirudisha, mara nyingine alisahau, na watu wa Mwanza wakaona sinema zenye vilema bila kujua vilema vimetoka wapi.

Tarehe 14 Julai 1951, siku ya Jumamosi, ilioneshwa picha ambayo Raymundi alikuwa ameingoja mwaka mzima na kuisifu kila Jumapili, kwa sababu aliiona kambini, nayo ilikuwa ni kama habari yake mwenyewe. Mke wa askari anaambiwa mumewe amekufa, ndugu wanamwoza kwa tajiri, na siku ya arusi wanawake wanamwomba aimbe wimbo wake wa kusagia nafaka, anaimba ubeti wa kwanza, na kule nje getini ombaomba mmoja mwenye matambara anaitikia ubeti wa pili, ubeti ambao mume na mke tu ndio walioujua. Wimbo huo Justus aliukata. Watu wakamwona bibi arusi amekaa, mara akaonekana yuko barabarani na ombaomba, na ukumbi mzima ukalipuka, wanaume wakapanda juu ya viti, wakamwita malaya yule mwanamke aliyemwacha bwana mwenye kilemba cha dhahabu, na wapo waliomgeukia Apolinaria, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, wakauliza kwa sauti kama na yeye angefanya hivyo, au kama alishafanya.

Raymundi angeweza kueleza kwa maneno matatu kwamba ombaomba ndiye mume, hiyo ilikuwa kazi yake na alilipwa kwayo, lakini alipofungua kinywa aseme akakuta hakuna neno, akasimama mbele ya pazia, picha ikimpita usoni na kifuani, akaimba wimbo wa baba, ubeti wa kwanza, akangoja. Chumba cha mashine kiko nyuma kabisa ya jumba, na ndani yake alikuwamo mtoto wa kiume wa mzee Limbu, aliyezaliwa na ubeti wa pili sikioni, na aliyeuona wimbo ule ukimfufua mtu stesheni. Justus alinyamaza. Aliitikia Apolinaria peke yake, na ninyi mkacheka, mkapiga miluzi, mkarusha maganda ya karanga, na wengine wenu mliorusha mmekaa hapa na mmejifunga vitambaa vyeusi mikononi, hatutawataja majina, mnajijua.

Mwenye jumba alimfukuza Jumatatu yake, akisema ameajiri mfasiri, hakuajiri kichaa, na Justus akaendelea na mashine yake. Kuanzia hapo marehemu alinunua asali na nta Sikonge, akizileta sokoni kwa baiskeli, hakuingia tena katika jumba lile, wala hakukaa kibarazani Gongoni ingawa Mwanajuma alimwita, na mashemeji hawa wawili walisalimiana kanisani kwa ajili ya Apolinaria tu, salamu kavu, mmoja akitazama altare na mwingine akitazama mlango. Mtu asituambie kwamba lilikuwa jambo dogo la sinema. Alidhihakiwa mke wake mbele ya mji mzima, naye ndugu wa damu wa mke huyo alikuwa na dawa kinywani akaimeza.

Mwezi Novemba 1956 koo lilianza kumsumbua, akadhani ni vumbi la barabara, akapelekwa hospitali Februari, madaktari wakakuta uvimbe, na sauti ikapungua hadi kufikia mnong'ono. Mwezi Agosti, mnong'ono ukiwa bado upo, mbele ya Padri, Apolinaria na anayewasomea, alitoa agizo lake. Jeneza lisipandishwe katika gari lolote, libebwe mabegani hadi makaburini. Kwaya isiimbe mwili ukiwa chini. Tekla atangulie mbele aanze wimbo wa baba, na Justus abebe upande wa nyuma, aitikie. Tekla alikataa, akasema maneno ambayo Padri alimwambia ayaungame, akauliza kwa nini huyu, kati ya watu wote, naye marehemu akajibu kwamba Justus hajawahi kubeba kitu katika maisha yake, ndiyo maana hakuwahi kujua watu wanaimbia nini, basi abebe mara moja. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1957, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Apolinaria.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, inamshukuru Padri, inawashukuru majirani wa Isevya waliochota maji na kupasua kuni, wauza asali wenzake waliotembea na baiskeli zao kutoka Sikonge, na Mwanajuma, aliyeleta vitumbua na kile kiti. Mwenye jumba la sinema ametuletea lori la kubebea mwili, tunamshukuru kwa kulileta na tutamshukuru zaidi kwa kuliondoa. Justus amekuja na kopo, na ndani yake umo mkanda wa wimbo ule alioukata, ameutunza miaka yote hii, na tangu juzi anaomba uwekwe ndani ya jeneza ili mambo yaishe. Familia imekataa, maana mkanda hauimbi ndani ya kopo, na marehemu hakuomba mkanda.

Raymundi, mtoto wa Masele, umefika kambi ya mwisho, mzigo wako umeshuka, pumzika kwa amani ya Bwana, mzigo uliobaki ni wetu. Vijana, inueni. Shemeji Justus, weka kopo chini, nenda nyuma, tia bega. Tekla anaanza sasa, na safari hii ukinyamaza, watu wote watajua kwamba aliyeanguka ni wewe.