Dkt. Helmi Rautio, Aliyesubiri Theluji Iyeyuke

Dkt. Helmi Rautio alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 mjini Thunder Bay, Ontario, mtoto wa kwanza wa Mzee Toivo Rautio na marehemu Bi. Aune. Alibatizwa kwa jina la kiume. Aliomba tusilitaje, nasi hatulitaji.

Alisoma shule za hapa mjini, kisha jiolojia huko Winnipeg, akapata shahada ya uzamivu mwaka 2003. Utaalamu wake ulikuwa matope ya chini ya maziwa. Alirudi kufundisha chuo cha hapa nyumbani, na hakuhama tena.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Noreen Bouchard, wakajaliwa binti, Saara.

Septemba 2014, katika kikao cha idara, aliwaambia wenzake kwamba yeye ni mwanamke na jina lake ni Helmi. Mkuu wa idara akakohoa.

“Haya. Na ratiba ya maabara inabaki vilevile?”

“Inabaki.”

“Basi sawa, Helmi. Tuendelee.”

Mwaka uliofuata alipeleka makala kwenye jarida, akinukuu ndani yake kazi zake za zamani. Kwa desturi ya wanataaluma, mhakiki hakuonyeshwa jina la mwandishi. Alijibu: “Mwandishi hajamwelewa Rautio. Amsome bwana huyo kwa utulivu.” Helmi alinionyesha akifuta machozi ya kicheko. “Ritva mdogo wangu, hata mimi bwana huyo ananishinda!” Nilicheka naye. Hadi leo sijui kama nilipaswa kucheka.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mkesha wa Krismasi wa 2014 wanaume waliitwa kwanza kuingia sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, kama ilivyo kwetu Wafini. Helmi alibaki uani na taulo begani.

“Njoo usubiri na sisi, dada, utaganda!” nilimwita kutoka jikoni, tulikokuwa wanawake.

“Zamu ya wanaume haijaisha,” baba akasema mlangoni pa sauna.

“Nipo hapa mpaka mkubaliane,” Helmi akajibu. “Ila fanyeni hima, vidole vinakatika.”

Tangu mwaka ule, kila Krismasi baba aliwasha moto wa sauna mara tatu: wa wanaume, wa wanawake, na wa Helmi peke yake. Alikata kuni hizo mwenyewe. Sikuwahi kujua kama alikuwa anamtenga au anamtunza. Nilimuuliza Helmi, naye alisema hajui, ila moto ulikuwa mzuri.

Ndoa yake ilivunjika mwaka 2016. Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Noreen akarudi kumuuguza. Wala Noreen hakutueleza yeye ni nani wake sasa. Helmi alifariki nyumbani tarehe 11 Januari 2024.

Ardhi ilikuwa imeganda, hivyo mwili wake ulihifadhiwa katika chumba cha maiti cha makaburini hadi Mei hii, kama wafu wetu wote wa majira ya baridi. Miezi hiyo yote baba alisema hatakanyaga mazishini jiwe likichongwa jina la Helmi. Jiwe limechongwa Helmi.

Ameacha binti yake Saara, anayemwita Baba kwa ridhaa ya Helmi mwenyewe; Noreen; mimi mdogo wake, Ritva; na baba yetu, Mzee Toivo, aliyenipigia simu wasifu huu ukielekea kuchapwa.

“Usiandike kwamba nimeelewa,” alisema. “Andika kwamba nimekuja.”

Udongo uliomsubiri umpokee kwa amani.