Kimo cha Kifua cha Bwana Futi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Futi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitindamimba wa seremala, katika chumba cha nyuma ya karakana. Alihitimu chuo cha misitu mwaka 1973.

Aliajiriwa kupima miti. Alizungusha futi, ule utepe wa kupimia, kwenye shina, kwenye kimo cha kifua, ambacho kwa kanuni ya kazi ni mita moja na sentimita thelathini kutoka chini, akaandika unene, ili wataalamu wakokotoe mti umefyonza hewa ukaa kiasi gani. Kijiti cha kupimia kimo alikidharau. "Kifua changu ni mita moja na thelathini kamili," alisema, na ilikuwa kweli. Wenzake wakimtania kwamba anapima hewa, aliwajibu, "Nyie pumueni tu, miti yangu itawafagilia hewa." Alistaafu mwaka 2011, kazi ile ikasimamishwa, lakini yeye hakusikia la mtu. Kila Januari alipima miti yake yote mia mbili na kumi, na kila alipopima alipaka alama ya rangi pale futi ilipopita.

Mwaka 1979 alimwoa muuguzi, wakajaliwa binti mmoja, ndiye anayewasomea wasifu huu. Mama alifariki mwaka 2014. Jamani, upweke ulimla mzee yule. Binti alikuwa mbali, akipiga simu Jumapili.

"Miti imenenepa ajabu, mwanangu! Njoo uone."

"Nitakuja, baba, nikipata nafasi."

"Haya. Ngoja ninyooshe mgongo kidogo."

Nafasi haikupatikana kwa miaka sita.

Marehemu aliugua uti wa mgongo kuanzia mwaka 2018, na hakumwambia mtu. Alifariki tarehe 2 Juni 2024, nyumbani kwake, akiwa peke yake. Jirani ndiye aliyemkuta.

Juzi binti aliingia msituni na daftari la baba. Kwenye kila shina alama zilikuwa zinashuka, mwaka hadi mwaka. Ya mwisho ilimfikia yeye kiunoni. Mti ukiupima chini zaidi, unaukuta mnene zaidi. Kumbe miti haikunenepa kiasi kile. Baba ndiye aliyekuwa anapinda, na hakuwepo mtu pembeni wa kumwambia, "Baba, simama wima." Binti alilia pale pale, na bado analia.

Marehemu ameacha binti, wajukuu wawili waliomjua kwa simu tu, na miti mia mbili na kumi. Januari binti atakuja kuipima, na kijiti atakibeba.

Baba, sasa nyoosha mgongo kwa amani.